Kikapu cha Sudan Kusini, mchezo uliokulia ukimbizini

KOBOKO. Barabara ya lami inayoanza Vurra, mpakani na Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, ina urefu wa kilomita 92 tu. Mfanyabiashara anayeitumia huihesabu kwa namna nyingine: foleni ya malori, maswali ya forodha, siku za mvua, na pauni za Sudan Kusini atakazopewa kwa shilingi zake akishavuka kwenda Kaya. Saruji, unga, sabuni na mabati huelekea kaskazini. Watu nao, kwa zaidi ya miaka thelathini, wamekuwa wakija kusini kwa njia hiyo hiyo, mara nyingi bila mzigo wowote zaidi ya watoto na godoro.

Ni kutokana na watu wa aina hiyo, waliovuka hapa na kwenye mipaka mingine, kwamba Sudan Kusini ilipata timu ya mpira wa kikapu iliyowashangaza walimwengu mwaka 2024.

Tarehe 20 Julai mwaka huo, mjini London, timu hiyo ilikwenda mapumziko ikiwa mbele ya Marekani kwa pointi 14. Upande wa pili walikuwapo LeBron James na Stephen Curry. Ilibidi LeBron mwenyewe afunge zikiwa zimesalia sekunde nane ili Marekani iponee kwa 101 dhidi ya 100. Ulikuwa mchezo wa kirafiki, lakini waliouona hawakuona urafiki mwingi uwanjani.

Siku nane baadaye ilikuwa Olimpiki yenyewe, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, mbele ya Puerto Rico. Kabla ya mchezo waandaaji walipiga wimbo wa taifa wa Sudan, nchi ambayo Sudan Kusini ilijitenga nayo tarehe 9 Julai 2011 baada ya vita vilivyomaliza kizazi kizima. Wachezaji walisimama wakingoja, mashabiki wakapiga makelele, wimbo ukakatizwa na ule sahihi ukapigwa. Kisha wakashinda kwa 90 dhidi ya 79. Walifungwa na Marekani na Serbia katika michezo iliyofuata na kurudi nyumbani. Neno “nyumbani” hapa linahitaji maelezo, kwa sababu wengi wa wachezaji hao walipanda ndege za kwenda Marekani, Australia na Ulaya.

Wakati huo nchi yao haikuwa na uwanja wa ndani hata mmoja wa mchezo huo. Juba ina uwanja wa wazi wa Nimra Talata, na huko ndiko vijana wa mji mkuu hucheza, jua likiwaka. Mvua ikinyesha, wanaondoka.

Ilikuwaje basi?

Mchezo wa asili wa makabila ya wafugaji wa huko ni mieleka. Dinka na Mundari wameicheza tangu enzi za mababu katika kambi za ng'ombe, na hadi leo inajaza viwanja Juba. Mpira wa kikapu uliletwa na shule na miji, ukawapata vijana wenye kimo kinachoutosha. Aliyeufungulia njia ni Manute Bol, mtoto wa Kidinka aliyeanza kucheza Wau na Khartoum akiwa tayari kijana mkubwa, na kufikia mwaka 1985 alikuwa katika ligi ya NBA na timu ya Washington. Alikuwa na urefu wa mita 2.31. Wamarekani walimwona kwanza kama kioja, kisha wakaona kazi yake ya kuzuia mipira ya wapinzani.

Fedha alizopata hakukaa nazo. Sehemu kubwa aliitumia kwa wakimbizi wa kusini na kwa harakati za ukombozi, kiasi kwamba mwaka 2002, akiwa hana kitu, alikubali kupigana ngumi kwenye kipindi cha televisheni ili apate pesa za kuwasaidia watoto wa Sudan. Alifariki mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya bendera kupandishwa Juba.

Wakati fulani Manute aliishi Misri. Huko Misri alikuta familia ya Aldo Deng, waziri wa zamani wa Sudan aliyewatorosha wanawe vita vilipopamba moto. Manute akawafundisha watoto wa nyumba hiyo kucheza. Mmoja wa wadogo alikuwa Luol, aliyezaliwa Wau mwaka 1985. Familia ilipata hifadhi Uingereza, Luol akakulia kusini mwa London, akaenda Marekani kusoma, na mwaka 2004 akachaguliwa wa saba katika usaili wa NBA. Alichezea Chicago kwa miaka kumi hivi. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 alivaa jezi ya Uingereza. Nchi yake ya kuzaliwa ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu na haikuwa na timu ya kumwita.

Huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini baada ya kustaafu mwaka 2019. Alilipia tiketi za ndege na hoteli kutoka mfukoni mwake na akawapigia simu vijana waliotawanyika mabara manne. Mwaka 2021 walifika robo fainali ya Afrika mjini Kigali. Mwaka 2023, kwenye Kombe la Dunia, waliishinda China, wakawashinda wenyeji Ufilipino, kisha wakaifunga Angola 101 kwa 78 na kupata nafasi ya Olimpiki iliyotengewa Afrika.

Mkondo mwingine wa vijana ulitoka mbali zaidi. Mwaka 1987 maelfu ya wavulana walitembea kwa miguu kutoka kusini mwa Sudan hadi Ethiopia. Serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991 walifukuzwa, wakatembea tena, na mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa kaskazini mwa Kenya ili kuwapokea. Karibu 3,800 kati yao walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000. Wengine walikwenda Australia na Kanada. Huko wakakuta kila shule ina ukumbi wenye sakafu ya mbao na vikapu viwili. Kijana mrefu, mgeni, asiyejua lugha, huambiwa kitu kimoja na kila anayekutana naye: kacheze kikapu.

Mgeni wa leo, mwenyeji wa jana

West Nile ina sehemu yake katika hadithi hii, ingawa si ile ambayo watu wangeitarajia.

Wazee wa Arua na Koboko hawana haja ya kufundishwa ukimbizi ni nini. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979 na majeshi mapya yakaingia kulipiza kisasi, sehemu kubwa ya watu wa eneo hili walikimbilia Zaire na Sudan. Wakakwa wa Koboko hawakwenda ugenini kabisa, kwa kuwa Wakakwa wako pande zote tatu za mpaka. Walipokewa Yei, Kaya, Ingbokolo na Aru, wakalima mashamba ya watu, wakafanya biashara ndogo, na wengi walirudi kuanzia mwaka 1986.

Kisha gurudumu likageuka. Katika miaka ya 1990 waliokuwa wenyeji Yei wakaja Koboko, wakapelekwa Ikafe, Imvepi na Rhino Camp. Machi 1997 jeshi la SPLA lilipoteka Kaya na Yei, baadhi walirudi kwao. Amani ya mwaka 2005 ikawarudisha wengine, na malori ya Arua yakawafuata: miaka iliyofuata ilikuwa neema kwa mfanyabiashara yeyote aliyekuwa na uthubutu wa kwenda Juba.

Desemba 2013 vita vikaanza upya. Mwaka 2016 ndio unaokumbukwa zaidi mpakani, na una mambo yanayogongana. Tarehe 15 Aprili 2016 Rais Salva Kiir alitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mbele ya Rais John Magufuli jijini Dar es Salaam. Julai risasi zikalia Juba. Agosti makazi ya Bidibidi yakafunguliwa Yumbe, jirani na Koboko, na katika miezi michache yakawa na zaidi ya watu 270,000. Kutoka Yei, Morobo na Lainya watu walimiminika kupitia Oraba na vichochoro vya karibu yake. Soko la pamoja lilipokewa kwa sherehe Dar es Salaam, na mwanachama mpya akawapeleka raia wake Uganda wakiwa na vyungu vichwani.

Uganda huwapa wakimbizi kiwanja cha kujenga na kulima, na sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Kwa hiyo anayefika Rhino Camp au Imvepi hakai nyuma ya uzio. Anaweza kufungua duka, na wengi wamefungua. Wafanyabiashara wa Arua wanawajua kama wateja wa jumla wanaozungumza Kiarabu cha Juba, Kiswahili kidogo na Kakwa au Bari.

Ila vijana wao hawachezi kikapu. Wanacheza kandanda.

Hesabu ya sakafu

Sababu moja ni asili yao. Sehemu kubwa ya waliokuja West Nile mwaka 2016 ni watu wa Equatoria, wakulima, na kwao kandanda ni mfalme kama ilivyo kwa wenyeji wao. Mwaka huo huo wa 2016 Onduparaka, timu iliyotoka pembezoni mwa Arua, ilipanda Ligi Kuu ya Uganda na kuujaza uwanja wake wa Green Light. Mtoto aliyefika mwaka huo alikuta mji mzima unaimba kandanda.

Lakini Rhino Camp ina Wadinka na Wanuer pia, na vijana wao hawajapungua kimo kwa kuvuka mpaka. Kinachopungua ni sakafu.

Kandanda huchezwa popote: penye majani, penye vumbi, kwa mpira wa kununua au wa matambara. Mpira wa kikapu haukubali hivyo. Sheria inamtaka mchezaji anayetembea na mpira audunde chini, na mpira haudundi kwenye mchanga wa Imvepi. Ukidunda kwenye kichuguu au kokoto unakwenda unakotaka wenyewe. Bila ardhi ngumu, iliyo sawa, mchezo haupo.

Uwanja kamili una mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Ukimwaga zege la unene wa sentimita kumi unahitaji meta za ujazo 42. Fundi anayechanganya kwa kipimo cha kawaida cha moja kwa mbili kwa nne atatumia mifuko ya saruji ya kilo 50 ipatayo 270, na akiongeza ya kupotea na ya kingo atafika 300. Lori la tani 30 hubeba mifuko 600. Kwa maneno mengine, kila lori la saruji linalopita Koboko kwenda Oraba limebeba viwanja viwili vya kikapu, kabla ya kuhesabu mchanga, kokoto, vyuma na ujira. Nusu ya uwanja, ambayo inatosha kabisa kwa watoto kujifunza, ni robo ya lori.

Si mzigo mkubwa kwa mtu anayejua biashara ya saruji. Lakini ni mzigo ambao mashirika ya misaada huuweka mwisho wa orodha, na si rahisi kuyalaumu. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, mwaka uliofuata likapunguza tena, na mwaka 2023 likaanza kuzigawa kaya kwa makundi kulingana na hali zao, baadhi zikitolewa kabisa kwenye mgao. Meneja aliyepunguza mahindi hawezi kusimama mbele ya mkutano wa wakimbizi akazungumzia zege la kuchezea.

Kuna mchezo mmoja wa karibu ambao umevuka kikwazo hicho, nao ni netiboli. Pete yake iko juu mita 3.05, sawasawa na ya kikapu, lakini mpira haudundwi. Hurushwa mkono kwa mkono. Ndiyo maana wasichana wa West Nile wanaucheza kwenye vumbi la shule za msingi bila taabu. Peace Proscovia, aliyezaliwa Arua, alikua na mchezo huo hadi akawa nahodha wa timu ya taifa ya Uganda, akasajiliwa na Loughborough Lightning ya Uingereza mwaka 2015 na baadaye akacheza Australia. Hakuna aliyepata kuuliza kama West Nile inaweza kutoa mrushaji wa daraja la dunia. Ilishamtoa.

Wawili waliopita Uganda

Wapo wachezaji wazaliwa wa Sudan Kusini waliopita Uganda, ila hawakutoka makazi ya West Nile.

Thon Maker alizaliwa Wau mwaka 1997. Alikuwa na umri wa miaka mitano hivi alipotoroshwa na shangazi yake hadi Uganda, na kutoka hapa familia ikapokewa Australia. Kule Perth akaanza na kandanda kabla ya kocha mmoja kumwona. Mwaka 2016, mwaka ule wa Oraba kufurika, Milwaukee ilimchagua wa kumi katika usaili wa NBA.

Khaman Maluach alizaliwa Rumbek mwaka 2006 na kuletwa Uganda akiwa mdogo. Alikulia Kawempe, Kampala. Mpira wa kikapu aliugusa mwaka 2019 akiwa karibu na miaka 13, na mazoezi ya mwanzo aliyafanya na viatu vya plastiki vya Crocs kwa kukosa raba za ukubwa wake. Kwenda uwanjani alitembea kwa miguu karibu saa nzima. Kutoka Kampala akachukuliwa na chuo cha NBA kilichoko Senegal. Akiwa na miaka 17 alikuwa Lille na timu ya taifa. Akasoma mwaka mmoja Duke, chuo kile kile alichosoma Luol Deng. Na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi, akaenda Phoenix.

Watoto wawili wa ukimbizi waliopita Uganda, namba ile ile ya kumi, miaka tisa kati yao. Tofauti yao ni kwamba Maker alilazimika kuondoka Afrika kabla hajaujua mchezo. Maluach aliujua hapa Uganda. Kawempe ni mtaa wa watu wa kipato cha chini na hauna anasa yoyote, lakini una uwanja wa saruji ambao mtoto anaweza kuufikia kwa miguu, na uko katika jiji ambalo vilabu vyote vikubwa vya ligi ya taifa vimekaa ndani yake au jirani nalo. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Kutoka kijiji cha ndani ya Rhino Camp ongeza nauli ya boda boda hadi barabara kuu.

Liko suala jingine ambalo wafanyabiashara watalielewa kuliko mashabiki, nalo ni la hati. Mwenye gunia la maharage anayetaka kuvuka ndani ya Jumuiya bila ushuru huulizwa cheti cha asili: bidhaa hii ilizalishwa wapi? Shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, FIBA, linamuuliza mchezaji swali hilo hilo, na mstari wake ni miaka 16. Mwenye uraia wa pili alioudai baada ya umri huo huhesabiwa kama mchezaji wa kupewa uraia, na timu ya taifa inaruhusiwa mmoja tu kikosini. Sudan Kusini nafasi hiyo ilimpa Carlik Jones, Mmarekani, naye ndiye aliyeongoza mashambulizi dhidi ya Puerto Rico. Kwa nchi ambayo watoto wake wana pasipoti za Australia na Marekani, kila jina kwenye orodha ni faili la kufuatiliwa mapema.

Mtoto wa Imvepi hana tatizo hilo. Uraia wake ni mmoja, na cheti chake cha asili hakina ubishi hata kidogo. Alichonacho mkononi ni kadi ya mkimbizi inayomwezesha kufika Arua, Koboko hata Kampala kihalali. Kwenda Kigali au Nairobi kwa mashindano ya vijana ndiko kunakohitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotolewa Kampala kwa maombi na kwa subira. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya, Uganda ni mwanachama, Rwanda na Kenya ni wanachama, na Kongo iliyoko dakika chache kutoka Arua ilijiunga mwaka 2022. Raia wa nchi hizo anaweza kuvuka na mchele. Kijana aliyezaliwa Yei, anayeishi Terego, mwenye kimo cha mita mbili, anasubiri kitabu.

Katika soko la Arua mipira ya kikapu hupatikana ikiwa imetundikwa kwenye nyavu pamoja na ya kandanda na ya netiboli. Wauzaji huijaza upepo kidogo tu ili isipasuke kwa joto, na anayeinunua huondoka nayo ikiwa laini. Pampu inauzwa kando.